Vijana wamesoma riwaya ya mzimu wakaijibu kwa rangi, barua na tangazo la msiba (walimu na wazazi wa Moshi na Arusha karibuni)

#1 Mama Vitabu, Moshi (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, naleta hili hapa maana najua humu kuna walimu, kuna wazazi, kuna wasanii, na kuna watu wanaopenda kusoma tu basi. Niko Moshi upande wa Rau. Jumamosi asubuhi huwa nakaa na vijana wa sekondari wa mtaani, wengi kidato cha pili na cha tatu, tunasoma vitabu kwenye baraza la jirani yangu. Sio tuisheni, hakuna ada wala mtihani, ukija umekuja kusoma.

Safari hii wakataka hadithi ya mzimu, wote kwa sauti moja. Nikawaletea The Canterville Ghost ya Oscar Wilde, riwaya fupi ya mwaka 1887. Nimeichagua kwa sababu anayeibeba hadithi ni binti wa miaka 15 anaitwa Virginia, umri uleule wa mabinti wa barazani kwangu, halafu Wilde alifariki mwaka 1900 kwaiyo hakimiliki ilishakwisha zamani sana, unaipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg kwa simu, unaenda steshenari wanakutolea kopi, unabana pini, mnasoma. Na mkitaka kuitafsiri au kuifanya igizo hamumwombi mtu ruhusa. Kwa kikundi kisicho na hela hilo ni jambo kubwa.

Kwa ambaye hajaisoma: familia ya Wamarekani, wakina Otis, inanunua jumba la kale huko Uingereza, wanaambiwa kabisa kwamba nyumba ina mzimu, baba anasema hamna shida, nanunua na mzimu pamoja na fanicha zake. Mzimu wenyewe ni Sir Simon, ambaye mwaka 1575 alimuua mkewe Lady Eleanore palepale maktaba, na doa la damu lipo sakafuni hadi leo. Baada ya kuua aliishi miaka tisa kisha akapotea, mwili haukuonekana. Sasa huyu ametisha watu miaka 300, anakuja kukutana na watu wasioogopa chochote, kijana mkubwa wa nyumba anasugua doa kwa dawa ya madoa ya dukani, baba anampa mafuta ya kulainishia minyororo maana inapiga kelele usiku watu walale, mapacha wadogo wanamrushia mito. Mzimu anaishiwa nguvu kabisa. Ni Virginia peke yake anayekuja kukaa naye na kumsikiliza.

Sasa hoja yangu. Shuleni kijana akimaliza kitabu anaulizwa dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari, taja na fafanua. Sipingi, uhakiki una kazi yake. Ila nimeona kijana akishaandika "dhamira: ukatili, tamaa, msamaha" anafunga daftari na kitabu kimeisha hapo. Mimi niliwaambia hivi, kila mtu ajibu kitabu kwa kutengeneza kitu, chochote, mchoro, barua, shairi, igizo, tangazo, lakini kwa sharti moja: kianzie mahali ambapo mwandishi amenyamaza, na kisipingane na yale aliyoyasema. Sharti hilo ndo limenifanya nilete uzi, maana ndo limewafanya warudi kwenye zile kopi kusoma upya mstari kwa mstari, bila mimi kuwasukuma.

Nianze na doa. Kitabuni doa la damu likisuguliwa linarudi kila asubuhi, lakini rangi inabadilika. Siku moja jekundu lililofifia, siku nyingine jekundu la kuwaka, mara zambarau, na kuna asubuhi limeamka kijani kibichi. Familia inacheka na kuwekeana dau, Virginia peke yake hacheki, siku ya kijani karibu alie. Baadaye ndo unaelewa, mzimu alikuwa anaiba rangi zake za kuchorea. Kachukua nyekundu zote, kaenda kwenye kijani na njano, binti kabakiwa na nili na nyeupe, akawa hawezi kuchora kitu zaidi ya mandhari ya mbalamwezi. Na hakumsema kwa mtu.

Kijana mmoja mpole sana ambaye huwa haongei, alichukua karatasi ya manila akaikunja vyumba vyumba, kila chumba asubuhi moja, akachora doa lilelile kwa rangi ya siku ile, na pembeni ya kila doa akachora kisanduku cha rangi cha Virginia kinavyopungua. Chumba cha mwisho doa ni kijani na kisanduku kina vidonge viwili tu, nili na nyeupe. Hakuna neno hata moja limeandikwa. Nikamuuliza mbona hujachora mzimu, akanijibu mzimu yupo kwenye nafasi zilizo wazi za kisanduku. Wakuu, huyo mtoto kwenye karatasi ya "taja sifa tatu za mhusika" angepata nini?

Halafu kuna barua. Hii naomba niiandike kiasi maana ndo iliyotukalisha kimya baraza zima. Kitabuni Sir Simon anapoongea na Virginia, akiambiwa ni vibaya kuua, anajitetea kwamba mkewe hakuwa na sura, kola zake hakuzitia wanga inavyotakiwa, na mapishi hajui, kuna paa alimpiga msituni, unajua alivyoletwa mezani? halafu anaacha hapohapo, anasema basi hayana maana tena. Lady Eleanore mwenyewe hana sentensi hata moja kitabu kizima. Hana mzimu wala kaburi tunaloonyeshwa, kabaki doa tu. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaandika barua ya Eleanore, nanukuu kwa ruhusa yake:

"Mume wangu, nimesikia ulivyomweleza yule binti. Kwamba sikuwa na sura, kola zako hazikukaa wanga, na yule paa. Yule paa nilimletaje mezani? Mbona hukumaliza? Miaka mia tatu unatembea na minyororo na watu wanakuonea huruma. Mimi natembelewa na wageni, wanaonyeshwa sakafu, wanaambiwa ni hapa. Na hata hilo doa siku hizi sio damu yangu, ni rangi za mtoto wa watu ulizoiba usiku. Umeniua, halafu hata damu yangu umeighushi ukaiweka kijani."

Nimesoma hii hadithi miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo, kwamba doa tunalolichekea kurasa zote zile ni damu ya mwanamke, na muuaji wake ndo anaipaka rangi upya ili apate sifa ya kutisha. Limeonwa na binti wa kidato cha tatu kwa sababu alipewa kazi ya kuandika kwa sauti ya yule asiye na sauti.

Karibuni tujadili. Hasa walimu, hii kitu inaingiaje darasani?

#2 Mwl wa Njiro, Arusha

Dada Mama Vitabu hongera sana kwa kazi, nasema kwa moyo. Ila nikueleze hali halisi ya darasani. Mimi nina mikondo mitatu, darasa moja lina wanafunzi zaidi ya sabini, na kidato cha nne swali la fasihi linakuja na sura yake, jadili kauli hii ukitumia vitabu viwili, hoja tatu kila kitabu. Mzazi ananiuliza matokeo, mkuu wa shule matokeo, wilaya matokeo. Nikitumia wiki mbili vijana wanachora madoa kwenye manila nitamjibu nani? Mtaala mpya unaongelea umahiri sawa, lakini mtihani ndo unaotuendesha. Sikatai unachosema, nauliza namna.

#3 Mama Vitabu

Mwalimu wangu asante, na swali lako ni la haki kabisa, sitalijibu kwa maneno matamu.

Kwanza haihitaji wiki mbili. Barua ni ukurasa mmoja, kipindi kimoja cha dakika 40 inaandikika kama kitabu kimeshasomwa. Kwa darasa la sabini usikusanye zote usahihishe, waambie wasomeane watu wanne wanne, kila kikundi kichague moja isomwe mbele. Pili, na hili ndo la msingi, barua sio mbadala wa zile hoja tatu, ni mlango wa kuzifikia. Yule binti wa barua nilimuuliza baada ya kumaliza, haya sasa nipe hoja kuhusu nafasi ya mwanamke kwenye hii riwaya, akanipa moja baada ya nyingine na kila hoja ana tukio lake la kuthibitisha: mke anahukumiwa kwa jikoni na kufua, mke hapewi nafasi ya kusema, kifo cha mke kinageuzwa kivutio cha wageni, Virginia naye anaambiwa alie na aombe kwa niaba ya mwanaume aliyefanya kosa. Hizo ni nne mwalimu, na hakukariri hata moja.

Tofauti naiona kwenye ushahidi. Kijana aliyekariri "mwandishi ameonyesha ukatili" ukimwambia thibitisha anazunguka. Aliyeandika kwa sauti ya Eleanore amelazimika kujua kola, wanga, paa, mwaka 1575, maktaba, sakafu. Sharti la kutopingana na kitabu ndo linalomfunga kamba, bila hilo wangeandika sinema za kwao tu na kitabu kingekuwa kisingizio.

Vitabu vyenu vya kidato mnaweza kuvifanyia hivohivo, mtafute tu mhusika anayetajwa na haongei, kila kitabu kina mmoja.

#4 Mzazi mwenye hofu ya Mungu

Mimi ni mzazi hapahapa Moshi, sitaki kugombana na mtu ila nauliza kwa upole. Kwanini mizimu? Watoto wetu tunawalea kanisani, tunahangaika na mambo ya ramli na waganga, bado tunawaletea hadithi za wafu wanaotembea na tunawaambia wajifanye wao ndo wafu waandike barua? Binti kuandika "mimi niliyekufa" mwenzenu mwili umenisisimka. Hakuna vitabu vingine?

#5 Mama Vitabu

Mama (au baba, samahani kama nimekosea) hofu yako naiheshimu, na mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Kabla hatujaanza niliwapa wazazi wa wale vijana kopi wasome wenyewe, na kuna mmoja alisema mtoto wake asishiriki, hakushiriki, tukampa kitabu kingine na anakuja kama kawaida.

Ila naomba nikueleze hadithi yenyewe inakwenda wapi. Mzimu amechoka, miaka 300 hajalala, anachotaka ni kupumzika tu. Anamwambia Virginia kwamba yeye hana machozi wala imani, kwaiyo amsaidie kuzililia dhambi zake na kumwombea roho yake. Binti anakubali kwenda naye akiwa anaogopa, anapita naye ukutani, na anarudi saa sita usiku amepauka uso. Hakuna ramli wala kuita wafu, hakuna mtu anayepata utajiri kwa mizimu isipokuwa kisanduku cha vito ambacho baba yake anajaribu kukirudisha kwa wenyewe. Ni hadithi ya toba na maziko. Nadhani hata mchungaji angeweza kuihubiri.

Na kuhusu kuandika kwa sauti ya marehemu, mbona kwenye misiba yetu tunasoma historia ya marehemu, na ngonjera watoto wanasimama wanasema "mimi ni UKIMWI", "mimi ni njaa". Mtoto anajua anaigiza. Kinachomtisha mtoto ni kile kisichosemwa, akiandika anakiweka mbele yake anakiangalia.

Nikuongezee kitu ambacho wewe kama mzazi utakipenda. Baraza liligawanyika vibaya sana kuhusu msamaha. Mzimu akishapumzika, mlozi mkavu wa pale jumbani unachanua kama ulivyotabiriwa, na Virginia anasema Mungu amemsamehe. Mabinti kadhaa wakasema sawa Mungu amesamehe, lakini nani amemuuliza Eleanore? Vijana wengine wakasema mfu haulizwi. Walibishana mpaka jua likawa kali baraza likawa halikaliki, na walikuwa wanabishana kwa kurudi kwenye ukurasa, "soma hapo, soma hapo". Ningepata wapi mjadala wa toba na haki wa namna hiyo kwa watoto wa miaka 15?

#6 Kijana wa Ngarenaro

Mimi msanii tu wa Arusha nachora na pia nafanya sauti za matangazo. Dada hilo la Eleanore limenigonga sana. Kuna filamu ya zamani ya hii hadithi, ya mwaka 1944, Charles Laughton ndo mzimu, niliiona kwa mshkaji wangu mmoja anayependa za kale. Humo wameihamishia kwenye vita kuu ya pili, Wamarekani wamekuwa wanajeshi wamepangishiwa kwenye kasri, na nafasi ya Virginia wamekapa katoto kadogo. Kumbuka sasa, humo mzimu hajaua mke. Kosa lake ni woga, alikimbia pambano baba yake akamjengea ukuta. Yaani Eleanore wamemfuta mazima, hata doa hana.

Kwaiyo kumbe watu wazima wenye hela na kamera walijibu kitabu kwa kumtoa mwanamke, na binti wa Rau kajibu kwa kumrudisha. Mimi naona huyo binti kafanya kazi kubwa zaidi.

Mna mpango gani na hizo kazi? Msiziache zioze kwenye faili.

#7 Mama Vitabu

Mdogo wangu wa Ngarenaro umenipa kitu cha kwenda nacho Jumamosi, nitawaambia kuhusu hiyo filamu. Ni mfano wa wazi kabisa wa jibu linalovunja sharti letu, na bado ni jibu halali, filamu ilitengenezwa wakati wa vita na watu walikuwa wanataka kusikia habari za ushujaa na woga. Lakini inaonyesha gharama yake. Ukimtoa Eleanore mzimu anakuwa wa kuhurumiwa tu, hakuna tena la kujibu.

#8 Mzee wa Old Moshi

Mwanangu Mama Vitabu nimesoma toka juu mpaka hapa. Mimi ni mtu wa Old Moshi, umri umeenda. Naomba niulize, hao vijana wako walipofika mahali pale mifupa inapoonekana, walisema nini? Maana wewe umesema mwili haukuonekana, ukaacha. Sisi huku habari ya mtu kutozikwa sio hadithi ya Uingereza. Mangi Meli, chifu wetu wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi mwaka 1900 hapa Tsudunyi pamoja na wenzake, na wazee wetu wametuambia kichwa kilichukuliwa kikapelekwa kwao. Mjukuu wake ametafuta miaka na miaka. Mti alionyongewa upo mpaka leo. Watoto wanaosoma habari ya mifupa ya Mzungu wanajua hayo?

#9 Mama Vitabu

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeingia, maana nilikuwa nasita kuliandika hili.

Mahali penyewe ni hapa: Virginia akisharudi anawapeleka familia nyuma ya ukuta, kwenye kijichumba cha siri. Wanakuta mifupa imefungwa mnyororo kwenye pete ya chuma ukutani, imejinyoosha sakafuni, mkono unatafuta sahani na birika vya kizamani ambavyo viliwekwa mahali usipoweza kufika. Ndo walivyomuua, kaka za Eleanore, walimfungia na njaa huku chakula anakiona. Siku chache baadaye anazikwa usiku, farasi wanane weusi, mienge, Lord Canterville mwenyewe anatoka Wales kuja kuzika ndugu wa ukoo wake, na Virginia anaweka juu ya jeneza msalaba wa maua ya mlozi.

Hapo vijana wetu hawakuhitaji kufundishwa. Mtu wa Kilimanjaro anajua kwamba maiti inarudi nyumbani, mtu anaweza kufia Dar, Mwanza, popote, watu wanachanga, gari linapanda usiku kucha, anazikwa kihambani kwao. Kijana mmoja ambaye kwao ni hukohuko kwenu Old Moshi akaandika tangazo la msiba la Sir Simon, kama yale tuliyokuwa tunayasikia redioni:

"Familia ya Canterville inasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao mpendwa Sir Simon kilichotokea mwaka 1584 nyumbani kwake. Kuchelewa kwa tangazo kumetokana na mwili kutoonekana. Mazishi yatafanyika leo saa tano usiku katika makaburi ya kanisani. Habari ziwafikie Lord Canterville aliyeko Wales, familia ya Otis, na shemeji zake marehemu popote walipo. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Tulipofika "shemeji zake marehemu popote walipo" watu wakashtuka, maana ndo waliomuua. Kijana alilijua hilo, akaliweka makusudi kabisa. Tangazo la msiba linaita hata waliokosana na marehemu.

Halafu mzee wangu, akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na tangazo la pili, kwa mwandiko uleule na mpangilio uleule, la Mangi Meli. Kifo kilichotokea tarehe 2 Machi 1900, Tsudunyi, kwa kunyongwa. Kwenye "mazishi yatafanyika" hajaandika kitu, amechora mstari mtupu. Na kwenye habari ziwafikie ameandika "habari ziwafikie makumbusho yote ya Ujerumani". Akaeleza wenzake, na alikuwa anajua mambo kuliko nilivyotegemea, kwamba kule Berlin kulikuwa na zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na mwaka 2023 vipimo vya DNA vilifanikiwa kuunganisha baadhi na ndugu walio hai hukuhuku Kilimanjaro, mmojawapo akiwa ni Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, lakini fuvu la Mangi mwenyewe halikupatikana.

Hakuna mtu alimwambia aunganishe hayo mambo mawili. Kitabu kilichoandikwa London na mtu ambaye pengine hakuwahi kusikia jina la Old Moshi kimempa umbo la kusemea kitu ambacho kwao kinaongelewa jioni kila mwaka. Mimi nimesoma na vijana muda mrefu sasa na sijaona kazi ya uhakiki inayoweza kufanya hivo. Na angalieni kwamba hakuvunja sharti, kila kitu kwenye tangazo la kwanza kipo kitabuni, hata saa tano usiku. Ni kwa sababu la kwanza lilikuwa sahihi ndo la pili likawa zito.

#10 Mzee wa Old Moshi

Nimesoma. Mwambie huyo kijana aje na wenzake, nitawapeleka kwenye mti mwenyewe, nitawaeleza niliyoyasikia kwa baba yangu. Waje na kalamu.

#11 Mpenda Bwana Msa

Uzi mzuri ila nina neno. Kwanini tunaanza na Mwingereza? Tuna Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Kiswahili kitamu, ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya hamsini ikachapwa 1960. Vijana wasome cha kwao.

#12 Mama Vitabu

Mkuu nakubaliana na wewe na ndicho tunachoingia nacho kinachofuata, nakala tunaazima maana kuzipata madukani hapa ni shughuli. Na ni kitabu kizuri kwa kazi hii, Bwana Msa anakuja kwenye mahali pa mzimu na akili ya mpelelezi, hakubali kirahisi kwamba mizimu ndo imeua. Vijana waliotoka kwa Sir Simon watakuwa na maswali mengi ya kumpelekea. Ila nisingesema Wilde sio wao. Tangazo la msiba hapo juu ni la nani kama sio letu?

#13 Mwl wa Njiro, Arusha

Nimerudi. Nimejaribu ile ya barua leo kipindi cha mwisho, na kitabu tunachosoma darasani, nimewaambia wamtafute mhusika anayetajwa na haongei. Wamemtafuta kwa kelele sana, nikaogopa mkuu atakuja. Lakini kuna mmoja anakaa nyuma kabisa, toka mwaka uanze hajanyoosha mkono, kasoma barua yake mbele ya darasa. Nitaendelea kesho. Swali, ile sehemu ya Virginia nyuma ya ukuta ambayo kitabu hakisemi kilichotokea, vijana wako walifanyaje? Maana hapo ndo pengo kubwa kuliko yote.

#14 Mama Vitabu

Mwalimu umenifurahisha, na huyo wa nyuma usimwache, mwite tena kesho.

Umeliona pengo lenyewe. Virginia hasemi mpaka kitabu kinaisha, hata mumewe akimuuliza baadaye anakataa, anasema tu kwamba Sir Simon alimwonyesha uhai ni nini, kifo maana yake nini, na kwanini upendo una nguvu kuliko vyote viwili. Vijana wengi waliparamia hapo mwanzoni, kila mtu ana bustani ya mauti yake, malaika, moto, mito. Wakasomeana na wao wenyewe wakaona hazikai. Nadhani ni kwa sababu Wilde hapo hajasahau, amefunga mlango makusudi, na kuna tofauti kati ya mtu aliyenyimwa sauti kama Eleanore na mtu aliyeamua kunyamaza kama Virginia. Wa kwanza unamwandikia barua, wa pili unamheshimu. Hilo walilifikia wenyewe kwa kubishana, mimi nilikuwa nachemsha chai.

Kilichobaki pale ni igizo la sauti, ambalo linakaa upande wa huku wa ukuta muda wote. Unasikia familia inamtafuta binti, baba anapanda farasi kwenda kituo cha treni kuulizia, mama analala kwenye kochi maktaba anapakwa manukato kichwani, usiku unaingia, radi, na ukuta haufunguki. Mwandishi wa igizo ni mapacha wawili wa kweli wa mtaani kwetu, na wamewapa mapacha wa kitabuni mstari mmoja wa kuuliza kama yale waliyomfanyia mzimu ndo yamesababisha dada yao apotee. Kitabuni mapacha wametulia tu kwenye chakula cha usiku huo, hawasemi, kwaiyo nafasi ipo.

Mdogo wangu wa Ngarenaro, uliuliza tuna mpango gani na kazi hizi. Igizo tunataka tulirekodi, manila na barua tutazibandika barazani kabla hawajafunga shule, wazazi wote waje, na yule mwenye hofu ya Mungu pia namkaribisha kwa heshima zote aje azione kwa macho yake. Kama una rekoda na Jumamosi una nafasi panda gari uje, tunaanza saa nne. Tumekwama kwenye minyororo, tumejaribu cheni ya baiskeli inasikika baiskeli, ya geti inasikika geti. Kuna kijana kasema atakuja na ule mnyororo wa kufungia ng'ombe wa bibi yake Kibosho, akiuburuza kwenye saruji huenda ndo ikawa yenyewe.